Mkono mdomoni, goti chini: tuwaambie nini watoto wetu?



Mkutano wetu wa juma hili ulianza kama kawaida. Tulihesabu pesa za likelemba, tukapanga zamu ya kumtembelea mama mwenzetu aliyejifungua, tukalalamika kidogo juu ya bei ya unga. Mpira haukuwa katika mambo ya kuzungumza. Lakini tulipotaka kufunga kwa sala, mama mmoja aliomba neno. Alisema kijana wake wa miaka 11 amefukuzwa masomo kwa siku mbili.

Kosa lake lilikuwa hili. Asubuhi, wanafunzi wakiwa kwenye mistari wakiimba wimbo wa taifa mbele ya bendera, yeye hakuimba. Alifunika mdomo kwa kiganja cha mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono wa pili akaviweka kando ya kichwa kama mdomo wa bunduki. Wenzake watatu walipomuona, nao wakafanya hivyo hivyo. Mwalimu akawatoa mstarini wote wanne, na direkta akasema wameidharau bendera ya nchi.

"Mimi nilimchapa kwanza," mama alituambia, "ndipo nikamuuliza. Akanijibu: Mama, Leopards walifanya hivi kwenye televizyo, na wewe ulilia. Sasa mimi nimekosa wapi?"

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja mzee alisema wimbo wa taifa si mchezo, na mtoto akianza kuuchezea leo, kesho atamchezea baba yake. Mwingine akasema kama wakubwa walifanya mbele ya dunia nzima na tukapiga makofi, tutampigaje fimbo mtoto? Kisha mama mmoja aliyekuja kwetu akikimbia vita kule Masisi, ambaye kwa kawaida hasemi mengi, akasema kwa sauti ndogo: "Mimi ningemshukuru huyo mtoto."

Tuliachana bila kupatana. Chama kikatupatia sisi wa gazeti kazi ya kutafuta habari zote za jambo hili: lilitoka wapi, nani walilifanya mbele yetu, liliwagharimu nini, na mama afanye nini mtoto akimuuliza. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kilichofanyika Abidjan

Wote tulikuwa macho usiku ule wa Jumatano, tarehe 7 Februari 2024. Ilikuwa nusu-fainali ya Kombe la Afrika, Kongo na Côte d'Ivoire, katika kiwanja cha Abidjan. Wimbo wetu ulipoanza, vijana wetu walisimama kwenye mstari, kila mmoja mkono mdomoni na vidole viwili kichwani. Kocha Sébastien Desabre, Mfaransa, naye alifanya hivyo pamoja nao. Walivaa pia kitambaa cheusi mkononi. Mpira tulipoteza, bao moja kwa sifuri, la Sébastien Haller. Lakini kesho yake watu wengi wa nchi za mbali waliokuwa hawajui kama kuna vita Kivu waliuliza: wale vijana walikuwa wanasema nini?

Walikuwa wanasema kwamba watu wa mashariki ya Kongo wanauawa na dunia inafunga mdomo. Siku zile vita vilikuwa vimesogea karibu na Sake, na wamama walikuwa wanatembea kuelekea Goma na magodoro vichwani. Mwishoni mwa mwaka wa 2023, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilihesabu watu karibu milioni 7 waliokimbia makwao katika nchi yetu. Ni hesabu kubwa kuliko watu wa nchi nyingine nzima, lakini kwenye habari za dunia ilipewa dakika chache tu.

Kwa hiyo vijana walichagua dakika ambayo hakuna mtu angeweza kuikata. Wakati wa wimbo wa taifa kamera zote zinapita uso kwa uso, hakuna anayekimbia, hakuna kelele ya uwanja. Huyo ndiyo mtoto wa mama mwenzetu aliyemuiga.

Lakini Leopards nao hawakuwa wa kwanza kutumia dakika hiyo. Waliotufungulia njia ni wanamichezo weusi wa Marekani, na shida yao ilikuwa nyingine: ubaguzi wa rangi.

Vijana wawili na ngumi mbili

Kwanza tueleze jambo moja. Sisi wimbo wa taifa uwanjani tunausikia hasa timu ya taifa inapocheza na nchi nyingine. Marekani si hivyo. Wao huimba karibu kabla ya kila mechi kubwa, hata mji mmoja ukicheza na jirani yake. Desturi hiyo ilishika nguvu mwaka wa 1918, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na wimbo wenyewe ukafanywa rasmi kwa sheria mwaka wa 1931. Kwa hiyo mchezaji mweusi wa Marekani husimama mbele ya bendera mara nyingi sana kila mwaka, aisifu nchi ya uhuru, kisha arudi mtaani kwake ambako uhuru ule haujafika.

Tarehe 16 Oktoba 1968, kwenye michezo ya Olimpiki ya Mexico, Tommie Smith alishinda mbio za mita 200 kwa sekunde 19.83, mwendo ambao hakuna binadamu aliyekuwa ameufikia. Mwenzake John Carlos alikuwa wa tatu. Walipopanda kupokea medali, walivua viatu na kubaki na soksi nyeusi, ishara ya umaskini wa watu wao. Carlos alikuwa na shanga shingoni kwa ukumbusho wa watu weusi waliouawa kwa kunyongwa na makundi ya Wazungu. Wimbo wa Marekani ulipoanza, waliinamisha vichwa na kuinua ngumi juu, kila mmoja na glavu nyeusi. Carlos alikuwa amesahau glavu zake, kwa hiyo waligawana jozi moja: Smith alivaa ya kuume, Carlos ya kushoto.

Aliyekuwa wa pili alikuwa Mzungu wa Australia, Peter Norman. Yeye hakuinua mkono, lakini alivaa kifuani beji ile ile waliyovaa wao, ya kutetea haki za binadamu. Wamarekani wale wawili walifukuzwa kwenye michezo, wakarudi nyumbani kupokea vitisho vya kuuawa. Norman naye alilaumiwa kwao. Alipokufa mwaka wa 2006, Smith na Carlos walisafiri mpaka Australia wakabeba jeneza lake mabegani. Mwaka wa 2012 bunge la Australia lilimuomba msamaha, naye akiwa kaburini.

Mtoto akikuuliza rafiki wa kweli ni nani, unaweza kumsimulia habari hiyo.

Kijana aliyepiga goti

Jina ambalo vijana wa leo wanalijua zaidi ni Colin Kaepernick. Alizaliwa mwaka wa 1987, akalelewa California na wazazi Wazungu waliomchukua akiwa mtoto mchanga, Rick na Teresa. Alikuwa mchezaji wa mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba kwa mikono, katika timu ya San Francisco 49ers, na kwa mchezo huo alikuwa anapata mali nyingi.

Katika mwezi wa saba wa 2016, katika siku mbili zinazofuatana, polisi waliua wanaume weusi wawili, na video za vifo vyao zikazunguka dunia. Wa kwanza ni Alton Sterling, wa mji wa Baton Rouge. Wa pili ni Philando Castile, aliyefanya kazi katika chumba cha chakula cha shule ya watoto huko Minnesota. Alisimamishwa barabarani akiwa katika gari, na alipigwa risasi mbele ya mchumba wake na mtoto wa kike wa miaka minne aliyeketi kiti cha nyuma. Askari aliyempiga alishtakiwa, na mwaka uliofuata mahakama ikamuachilia.

Mwezi wa nane mwaka huo, Kaepernick alibaki ameketi wimbo ulipoimbwa. Alipoulizwa, alieleza kwamba hawezi kusimama kuonyesha fahari kwa bendera ya nchi inayowaonea watu weusi. Watu wakakasirika sana. Mwanajeshi mmoja wa zamani, Nate Boyer, akamwandikia barua, kisha wakakutana na kuongea. Boyer alimshauri kwamba badala ya kuketi, apige goti, kwa sababu wanajeshi hupiga goti mbele ya kaburi la mwenzao. Tarehe 1 Septemba 2016, katika mji wa San Diego, Kaepernick alipiga goti, na mwenzake Eric Reid alipiga goti kando yake.

Wamama, hapa ndipo sisi tulisimama kidogo na kushangaa. Kwetu, msichana aliyelelewa vizuri hupiga magoti anapompa baba mkwe maji ya kunawa. Tunapiga magoti kwa Mungu, kwa wakubwa, na kwenye msiba. Kwa kufikiri kwetu, hakuna heshima kubwa kuliko goti. Lakini kule goti lile liliitwa dharau. Basi tukaona kwamba watu hawakukasirishwa na goti lenyewe. Walikasirishwa kwa sababu walikumbushwa maiti wakati walikuja kufurahi.

Tusi lililomfikia mama

Bei ilikuwa kubwa. Kaepernick alicheza mechi yake ya mwisho tarehe 1 Januari 2017, akiwa na miaka 29, umri ambao mchezaji wa nafasi yake bado ana nguvu. Tangu siku hiyo hakuna timu hata moja iliyomchukua. Alifungua mashtaka akidai wenye timu wamepatana kumfungia mlango, na mwaka wa 2019 wakamaliza neno kwa makubaliano nje ya hukumu. Lakini kiwanjani hakurudi.

Mwezi wa tisa wa 2017, rais wa Marekani wa wakati huo, Donald Trump, alisimama mbele ya watu huko Alabama na kusema wenye timu wamfukuze mchezaji yeyote anayedharau bendera. Neno alilotumia kumuita mchezaji wa namna hiyo hatuwezi kuliandika katika gazeti linalosomwa na watoto. Ni tusi linalompita mtoto na kumpiga mama aliyemzaa. Teresa, mama aliyemlea Kaepernick, alijibu mtandaoni kwa sentensi moja tu: kama ni hivyo, basi yeye ni hicho alichoitwa, na anajivunia. Jumapili iliyofuata, wachezaji zaidi ya 200 walipiga goti au waliketi.

Kati yetu wengi tumetukanwa kwa ajili ya watoto wetu, sokoni, kwenye bomba la maji, hata mbele ya masomo. Tusi la namna hiyo tunalijua. Yule mama hakukana mtoto wake ili yeye asafishwe. Alisimama kando yake.

Tarehe 25 Mei 2020, huko Minneapolis, polisi alimkandamiza George Floyd shingoni kwa goti zaidi ya dakika tisa mpaka akafa. Kabla ya kukata roho alimuita mama yake, ambaye alikuwa amekufa miaka miwili nyuma. Siku chache baadaye mkubwa wa ligi ile, Roger Goodell, alisema hadharani kwamba walikosea kutowasikiliza wachezaji mapema. Alisema hivyo bila kutaja jina la Kaepernick. Ilichukua karibu miaka minne na goti lingine, goti la kuua, ili goti lile la kwanza lieleweke.

Wanawake walikuwa pale, mbele

Katika kutafuta, tuliona jambo ambalo halisimuliwi sana. Katika habari hizi zote, wanawake walikuwa mbele au walikuwa kando, na majina yao yakasahaulika.

Mwaka wa 1959, kwenye michezo ya nchi za Amerika huko Chicago, mwanamke mweusi aliyeitwa Rose Robinson, mrukaji wa kwenda juu, alikataa kusimama kwa ajili ya wimbo wa taifa. Ilikuwa miaka tisa kabla ya Mexico. Mwaka uliofuata alifungwa kwa sababu alikataa kulipa kodi ambayo aliona inatumika kwa silaha, na gerezani akagoma kula.

Mwaka ule wa 1968, Wyomia Tyus alishinda mbio za mita 100 na kuwa mtu wa kwanza duniani, mwanaume au mwanamke, kushinda mbio hizo katika Olimpiki mbili zinazofuatana. Wanaume waliopanga mgomo wa wanamichezo weusi hawakuwauliza wanawake maoni yao. Hata hivyo Tyus alikimbia na kaputula nyeusi badala ya nyeupe ya timu, na aliposhinda na wenzake mbio za kupokezana alisema medali ile ni kwa heshima ya Smith na Carlos. Hakuulizwa, lakini alitoa.

Tarehe 9 Julai 2016, kabla ya Kaepernick kuketi, wachezaji wanawake wa basketi wa Minnesota Lynx walivaa shati nyeusi zenye majina ya Sterling na Castile, na pia alama ya polisi wa Dallas, kwa sababu juma lile askari watano waliuawa katika mji huo. Walisema wanalilia wote. Hata hivyo polisi wanne waliokuwa wanalinda mchezo waliacha kazi wakaenda zao. Timu nyingine zilizovaa shati za namna hiyo zilipigwa faini, dola 500 kwa kila mchezaji, na faini ikaondolewa wanawake walipokataa kunyamaza. Mwezi wa tisa, wachezaji wote wa timu ya Indiana Fever walipiga goti pamoja wimbo ulipoimbwa, wakiwa wameshikana mikono.

Na mwaka wa 2019, kule Lima, Gwen Berry, mrusha nyundo, aliinua ngumi mwisho wa wimbo baada ya kushinda dhahabu. Kamati ya Olimpiki ya nchi yake ikamweka chini ya onyo kwa miezi 12. Mwishoni mwa 2020 kamati hiyo hiyo ilitangaza kwamba haitawaadhibu tena wanamichezo kwa matendo ya amani ya kutetea haki ya watu wa rangi zote.

Wanaokataa nao wana neno

Hatutaki kuandika upande mmoja tu. Mama mzee wa mkutano wetu hakusema upumbavu, na wako watu wengi Marekani wanaofikiri kama yeye. Kuna wajane wa askari ambao walipokea ile bendera ikiwa imekunjwa juu ya jeneza la mume. Kwao kitambaa kile ni mtu. Wanasema: kuna saa 24 katika siku, kwa nini mchukue dakika mbili zetu? Wengine wanasema uwanja ni mahali pa pekee ambapo mweusi na mweupe wanakaa benchi moja, msilete ugomvi hapo.

Tunawaelewa. Lakini tulikumbuka pia historia yetu. Bibi zetu waliokulia mji huu ulipoitwa Élisabethville wanajua ubaguzi wa rangi bila kusimuliwa na Wamarekani. Kati ya mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika kama Kamalondo, Wabelgiji waliacha eneo tupu la kuwatenga, na usiku Mwafrika hakuweza kutembea mjini kwao bila karatasi ya ruhusa. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, mfalme Baudouin alikuja kusikia asante. Patrice Lumumba hakuwa katika programu ya hotuba. Alisimama akasema wazi, mbele ya mfalme, matusi na mapigo ambayo watu wetu walivumilia kwa sababu tu ni weusi. Siku ile wageni wengi walisema ameharibu sherehe. Leo watoto wetu wanafundishwa hotuba ile masomoni.

Kwa hiyo neno la kweli likisemwa siku ya sherehe, mara nyingi huonekana kwanza kama kukosa adabu. Hiyo haimaanishi kila ukosefu wa adabu ni neno la kweli. Hapo ndipo kazi ya mama ilipo.

Leopards na Wamarekani si jambo moja

Tusichanganye mambo. Wamarekani walikuwa wanaikemea nchi yao wenyewe, ndani ya wimbo wao, juu ya serikali na polisi wao. Leopards hawakuukataa wimbo wetu wala bendera yetu. Walikuwa wanaililia Kongo mbele ya dunia. Ndiyo maana kwetu walishangiliwa, hata na wakubwa, lakini Kaepernick alipoteza kazi. Ni rahisi kumshangilia anayemkemea jirani. Anayeikemea nyumba yake mwenyewe ndiye anayelala njaa.

Lakini mzizi ni mmoja. Wote waliuliza kwa nini maisha ya watu fulani yahesabiwe kuwa madogo, mpaka wafe na hakuna anayegeuka. Na wote walifanya bila jiwe, bila moto, bila kumtukana mtu. Mwanamke akipata habari ya msiba, mkono huenda mdomoni wenyewe kabla hajajua. Ishara ya vijana wetu tuliielewa haraka kwa sababu ni yetu.

Tulikwenda kwa direkta

Sisi watatu tulimsindikiza yule mama masomoni. Tulivaa kitambaa cha chama na hatukwenda kugombana. Direkta alitupokea vizuri, akatupatia viti. Alisema: "Mimi naye usiku ule nilitoka machozi. Lakini nina watoto mia sita kwenye mistari. Kama kila mmoja anachagua ishara yake asubuhi, hapa hapatakuwa tena shule. Na mkaguzi akipita siku hiyo, ni mimi nitaulizwa."

Mmoja wetu alimuuliza kama kuna mtu aliyemuuliza mtoto sababu. Alinyamaza, kisha akasema hapana. Tulimueleza kwamba huyo kijana nyumbani kwao analala chumba kimoja na watoto wawili wa ndugu yao waliokimbia kutoka Kivu, na usiku anawasikia wakipiga kelele katika usingizi. Hakuwa anacheza.

Tulimsimulia pia kwamba Marekani, mwaka wa 1943, mahakama kuu iliamua kwamba shule haiwezi kumlazimisha mtoto kuisalimu bendera. Iliamua hivyo katikati ya vita vikubwa, kwa ajili ya familia za Mashahidi wa Yehova ambazo watoto wao walifukuzwa masomo. Direkta alicheka kidogo akasema: "Wamama, hiyo ni Marekani." Ni kweli. Kwetu bendera ikipandishwa mbele ya ofisi, hata mama mwenye beseni la ndizi kichwani anasimama barabarani mpaka iishe.

Hatukupata kila kitu. Adhabu haikufutwa, na watoto wanne walimaliza siku zao mbili. Lakini direkta alikubali mambo mawili. Halitaandikwa neno lolote katika daftari lao la mwenendo. Na mwalimu wa darasa la sita atatumia saa ya somo la uraia kuzungumza na wanafunzi juu ya vita vya mashariki na maana ya ile ishara, na huyo kijana ataruhusiwa kusema kwa nini aliifanya.

Tuliporudi, njiani, yule mama alituambia kwamba jana usiku alimuomba mtoto wake msamaha. Si kwa sababu shule haina haki ya kuwa na sheria. Ni kwa sababu alipiga kabla ya kuuliza. Alisema lilikuwa neno gumu kutoka mdomoni, maana yeye hakuwahi kuombwa msamaha na mama yake.

Mama afanye nini?

Kutokana na yote haya, tumepatana juu ya mambo machache ambayo tunawapa ninyi wasomaji wetu.

Uliza kwanza. Mtoto akifanya jambo kubwa mbele ya watu, sema naye kabla ya fimbo. "Ulitaka kusema nini?" Akiwa na jibu, kuna kitu ndani. Akiwa hana, alikuwa anaiga tu, na hilo nalo utajua namna ya kulirekebisha.

Mfundishe bei. Smith, Carlos, Kaepernick, Rose Robinson, wote walilipa. Mtoto ajue kwamba ishara ya namna hii si mtindo kama wa kunyoa nywele. Anayeifanya awe tayari kwa siku mbili za kubaki nyumbani, na asilie kwamba ameonewa na kila mtu.

Mfundishe heshima kwa anayeona tofauti. Peter Norman hakuinua mkono, lakini alisimama nao. Nate Boyer alikasirishwa, lakini aliandika barua badala ya kutukana, na barua ile ndiyo ilizaa goti. Hata kati yetu, mama mzee na mama wa Masisi bado hawajapatana kabisa, lakini juma hili walikuja pamoja kwenye baiskeli-teksi mbili wakiongea.

Na mwisho, ishara isitosheke peke yake. Kaepernick alitoa dola milioni moja kwa vyama vinavyosaidia watu, mbali na goti lake. Sisi hatuna dola milioni. Lakini kama tulilia mbele ya televizyo, tuna kitu cha kufanya.

Kwa hiyo mkutano ujao utakuwa siku na saa ile ile. Kila mama alete alichonacho kwa ajili ya familia zilizokimbia vita na kufika katika mitaa yetu: kitenge, sahani, sabuni, nguo za watoto zilizo safi, hata kikombe kimoja cha unga. Mama wa Masisi amekubali kutuongoza nyumba kwa nyumba, maana yeye anawajua. Na yule kijana wa miaka 11 ameomba aje kubeba mizigo. Tumemwambia njoo.